Shafti Imerudi Imevunjika: Kutafuta Kosa la Matiko

Mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku aliweka vipande viwili juu ya meza yangu, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kiroba. "Fundi, chuma chako kibovu." Nilimwamkia kwanza, shikamoo, marahaba, ndipo nikavichukua nikaenda navyo mlangoni. Asubuhi ya Mbeya mwezi wa saba jua huingia limelala, na jua la namna hiyo ndilo linalofaa kusomea mvunjiko, maana hata mstari mwembamba kama unywele huonekana.

Nitamrudia mzee. Habari yetu hapa ni matiko, yaani kukipasha chuma na kukizamisha ili kikaze, kisha kukirudisha kwenye moto mdogo ili ukali wake upungue. Kwanza niseme kitu ambacho mimi mwenyewe nilikikosea kwa miaka: kifaa kikirudi kimevunjika, usikimbilie kukichomelea, na usikereze kingine kama kilekile. Tazama uso uliovunjika kabla grenda haijaugusa. Ukishausaga, shahidi wako umemuua.

Nyuso ninazokutana nazo sana ni tatu. Ya kwanza imevunjika yote kwa mkupuo, haikupinda hata kidogo, na inametameta kama sukari iliyoganda. Huyo ni chuma kilichounguzwa au kilichoachwa kikali mno. Ya pili ni ya kijivu, chembe ndogo kama vumbi la saruji, na kando yake kumevutika au kumepinda: chuma kilikuwa kizima, kazi ndiyo imekizidi. Ya tatu ina sehemu laini yenye mistari ya upinde, kama alama ambazo maji ya Ruaha huacha mchangani yakipungua, kisha sehemu ndogo iliyobaki imekwaruzika. Hiyo haikuvunjika jana. Ufa ulianzia sehemu moja, ukatembea wiki au miezi kila shafti ilipozunguka, mpaka kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo.

Kabla ya kulaumu moto: ni chuma gani hiki?

Ninachozungumzia hapa ni chuma cha kaboni ya kati, yaani chenye kaboni asilimia 0.3 hadi 0.6. Dukani utaambiwa EN8, C45 au 1045, kutegemea mzigo umetoka nchi gani. Ni ndugu, si mapacha: EN8 ina kaboni ya karibu 0.40, hao wengine karibu 0.45. Ndicho chuma cha shafti, ekseli, pini na gia za mwendo wa pole.

Tatizo la huku kwetu ni kwamba nusu ya chuma tunachofanyia kazi kimetoka kwenye skrepa, hakina jina. Fundi anakereza kipande cha chuma laini cha kaboni 0.15, anakipasha mpaka kinang'aa, anakizamisha majini, halafu anashangaa tupa inakula kama inakula mhogo. Hata ukikipasha mara kumi hakitakaza. Kaboni haimo.

Njia mbili za kukijua, zote za bure. Cheche za grenda: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye matawi machache, cha kaboni ya kati hutoa cheche fupi kidogo zinazopasuka matawi njiani, cha kaboni nyingi hupasuka kichaka kizima karibu na jiwe. Weka kando kipande unachokijua ulinganishe, kwa sababu kumbukumbu ya macho hudanganya. Njia ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi. Kata kipande cha unene wa kidole kutoka ncha ya chuma hichohicho, kipashe, kizamishe, pitisha tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, kaboni ipo. Kisha kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia ili kisikurukie, kivunje kwa nyundo, utazame chembe zake. Dakika ishirini zinakuokolea siku mbili.

Springi za lori zina tabia yake. Kaboni ni 0.5 hadi 0.6, tena zimechanganywa silikoni au kromiamu. Hizo ni za oili. Ukizitia majini, mara nyingi utasikia "tiki" ndani ya pipa, na hiyo "tiki" ndiyo hasara yenyewe.

Dalili: tupa inakula, chuma hakikukaza

Kama una hakika kaboni ipo, anza na joto. Mafundi wengi wanatumia sumaku, na sumaku ni rafiki mzuri, ila wanamwelewa nusu. Sumaku huacha kushika chuma kinapofika nyuzi 770 hivi. Kwa chuma cha kaboni 0.45 mabadiliko ya ndani hukamilika juu kidogo ya hapo, na joto la kuzamishia ni kati ya 820 na 860: upande wa chini ukitumia maji, upande wa juu ukitumia oili. Kwa hiyo sumaku ikiachia, bado hujafika. Endelea mpaka wekundu wa damu ya mzee ugeuke wekundu mkali unaokaribia kuonja rangi ya chungwa, halafu kiache hapo moto upenye hadi kiini. Aliyezamisha pale sumaku ilipoachia tu amepata chuma nusu kigumu nusu laini, na hakuna kurudisha moto kutakakokinyoosha.

Rangi lazima uione kivulini. Wekundu uleule ukitazamwa saa sita mchana chini ya bati lenye matundu unaonekana hafifu, fundi anaongeza upepo, anaunguza. Mimi nimeziba upande wa tanuru kwa mabati ya zamani, pakawa giza la kutosha, na makosa ya rangi yakapungua kuliko kwa kitu kingine chochote nilichofanya.

Kama joto lilikuwa sawa, angalia ngozi. Chuma kikikaa muda mrefu kwenye moto wenye upepo mwingi, kaboni ya juu inaungua na kuondoka, na magamba meusi yanajaa. Tupa itakula ngozi hiyo laini, nawe utasema hakikukaza, kumbe chini yake kimekaza vizuri. Saga nusu milimita kwa grenda taratibu, huku ukikipoza kwa maji, kisha jaribu tupa tena. Ikiteleza sasa, kosa ni la ngozi. Dawa yake ni kukifukia chuma ndani ya makaa yaliyowaka vizuri, si kukiweka mbele ya bomba la upepo, na kuacha milimita moja ya ziada ya kusaga mwishoni. Ukitumia makaa ya mawe ya Kiwira, yaache kwanza yamalize moshi wake wote ndipo uweke kazi. Mkaa wa miti ni ghali siku hizi lakini kwa kazi ndogo bado naupenda zaidi.

Halafu kuna suala la unene, na hapa ndipo ninapogombana na wateja. Chuma cha namna hii hakina uwezo wa kukaza ndani sana. Kipande cha milimita 15 kikizamishwa majini kitakaza karibu chote. Shafti ya milimita 60 itapata gamba gumu tu, na kiini kitabaki kama kilivyokuwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 10083 kinaonyesha wazi: C45 iliyozamishwa na kurudishwa moto inatakiwa kubeba mvuto wa angalau megapaskali 700 (kipimo cha mzigo kwa eneo) kabla ya kukatika, ikiwa na unene usiozidi milimita 16, lakini ikifika kati ya 40 na 100 inashuka hadi 630. C45 ileile ya unene huo, iliyopashwa ikapozwa hewani tu bila maji, inatakiwa kufika 580. Kwa tofauti hiyo ndogo, kwa nini nihatarishe ufa na kupinda? Shafti nene naipasha hadi 850 hivi, naiacha ipoe hewani mahali pasipo na upepo, basi. Anayetaka nene na ngumu hadi ndani anunue chuma chenye kromiamu na molibdenamu, kama EN19, atumie oili.

Dalili: ngumu hapa, laini pale

Hii ni kazi ya mvuke. Chuma chekundu kikiingia majini hujivika koti la mvuke, na mahali koti linapokaa joto halitoki haraka. Ukikitumbukiza na kukiacha kimetulia, kitakaza kwa madoa. Kisogeze juu na chini mfululizo. Kama ni shafti, ishike wima, usiipige kasia. Chumvi husaidia kulichana koti hilo: kilo moja kwa ndoo ya lita 10. Magamba mazito na alama za koleo nazo huacha madoa, kwa hiyo shika sehemu isiyo na kazi.

Dalili: ufa baada ya kuzamisha

Ufa mwingine unasikika ndani ya maji. Mwingine unakuja usiku, umelala, asubuhi unakuta shafti iko mezani ina mstari. Sababu ni moja: chuma kikikaza hutanuka kidogo, ngozi inakaza kwanza na kiini kinafuata baadaye kikiwa kinasukuma kutoka ndani. Kitu chochote kinachokusanya msukumo huo mahali pamoja kitakuwa mlango wa ufa.

Mlango wa kwanza ni kona kali. Bega lililokatwa kwa pembe ya mraba, mfereji wa kufungia puli, tundu lililo karibu na ukingo, alama ya kisu cha kukerezea, hata namba uliyogonga kwa patasi. Kona ziwe za mviringo, matundu yazibwe kwa udongo wa mfinyanzi kabla ya kuingia motoni.

Mlango wa pili ni maji yenyewe, na huu ni wa kwetu nyanda za juu. Juni na Julai, pipa lililolala nje Uyole au Makambako lina maji yanayouma vidole. Maji hayo ni makali kuliko yale ya Januari, na kazi ileile iliyopita salama masika itapasuka kipupwe. Kabla ya kazi mimi hutumbukiza chuma chakavu chekundu kimoja au viwili, nikoroge, mpaka mkono ukae ndani bila kuganda. Nyuzi 20 hadi 30 zinatosha.

Kama umbo lina mabega na matundu mengi, tumia oili ingawa utapoteza ugumu kidogo. Oili chafu ya injini wengi tunaitumia. Ipashe moto kwanza hadi 50 au 60, iwe nyepesi, kwa sababu oili nzito ya baridi inapoza polepole. Pipa liwe la chuma, lenye kifuniko cha chuma karibu, nje ya jengo. Na msimu wa mvua chungulia chini ya pipa: maji yakiwa yamejikusanya chini ya oili, chuma chekundu kikiyafikia yatageuka mvuke ghafla na kurusha oili inayowaka hadi usoni. Nimeona bati la dari lililoungua kwa namna hiyo. Fundi ambaye kwa kawaida husimama chini yake alikuwa amekwenda kununua maandazi.

Mlango wa tatu ni kuchelewa. Kazi iliyozamishwa isilale. Itoe ikiwa bado na uvuguvugu, kiasi cha kushikika mkononi, iende moja kwa moja kwenye moto wa pili, yaani ule wa kurudisha.

Dalili: imekatika kama kioo

Hapa asilimia kubwa ya lawama ni za moto wa pili. Kuna mafundi hawaurudishi moto kabisa, wanaona chuma kimekaza wanafurahi. Chuma cha 0.45 kilichotoka majini kinaweza kupita 55 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C. Kinakwaruza kioo, lakini kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande. Kwa shafti na ekseli, moto wa pili ni wa 550 hadi 650, kwa saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Joto la kuanzia 550 gizani kabisa linaonekana kama wekundu wa kuzimia, ule ambao ukiuangalia moja kwa moja unapotea.

Wengine wanaurudisha, ila wanasimama pabaya. Wamefundishwa rangi: njano ya majani makavu karibu 220 hadi 230, kahawia 255, zambarau 280, bluu 300. Rangi hizo ni za kweli ukisugua chuma kikang'aa kwanza, na ni msaada kwa vitu vya kukata. Lakini bluu inapendeza macho, na fundi anaona amefanya kazi ya kitaalamu. Kwa kitu kinachopokea mapigo, eneo la kati ya 250 na 400 ni baya: ugumu umepungua na uvumilivu haujarudi, saa nyingine umepungua zaidi. Ama usimame chini ya hapo, kwa kitu kinachosuguliwa tu, ama upite kabisa. Nyundo za kinu cha kusagia mahindi nilikuwa naziishia kwenye bluu. Zilikuwa zinakatika kwenye tundu la pini na kutoboa chekeche. Sasa nazipeleka karibu na 450, zinaisha kwa kuchakaa.

Joto la 450 halina rangi ya kukusaidia. Utahitaji waya wa kupimia joto wa aina ya K na kisomeo chake. Ukiununua, uchemshe kwenye sufuria ya maji kuuhakiki, na usishtuke ukisoma 94. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji huku hayasubiri 100. Mwenzangu mmoja aliurudisha dukani akidai ni mbovu.

Sababu ya tatu ni kuunguza: chembe zimekua. Ukivuka 950 na kukaa, chembe zinanenepa, na mvunjiko unakuwa ule wa sukari. Hili lina dawa kama chuma hakijaanza kurusha cheche. Kipashe hadi 850 hivi, kiache kipoe hewani mpaka sumaku ishike tena na weusi urudi, kisha rudia mara mbili. Kilichokwisha kurusha cheche kama fataki kitupwe. Mipaka ya chembe imeungua.

Dalili: imepinda

Kifupi: uliilaza. Ama ililala motoni upande mmoja ukapata joto kuliko mwingine, ama iliingia majini kwa ubavu. Itundike wima, igeuze motoni, izamishe wima. Ikiwa ilinyooshwa kwa nyundo ikiwa baridi, au ilikerezwa sana upande mmoja, ina ukaidi ndani yake. Ipe kwanza saa moja au mbili kwenye 600, ipoe polepole, ndipo umalizie kukereza. Iliyokwisha kupinda inyooshe ikiwa bado ya moto kutoka moto wa pili, si baridi.

Dalili: imekatika kando ya mshono wa kuchomelea

Shafti iliyolika kwenye beringi inaletwa, fundi anaijaza kwa kuchomelea, anaikereza, inakaa mwezi, inakatika. Haikatiki kwenye mshono bali milimita chache pembeni. Pale pembeni chuma kilipata moto wa zaidi ya 800, kisha kile kiwiliwili kikubwa cha baridi kikakinyonya joto haraka kama maji. Umekitia matiko bila kujua, na hujakirudisha moto.

Ipashe shafti nzima kabla, kiasi cha nyuzi 200. Tone la maji juu yake lisilale, licheze na kukimbia kama shanga. Tumia fimbo za haidrojeni ndogo kama 7018, zilizokaushwa. Rungwe, ambako mvua haina ratiba, fimbo zilizokaa wazi wiki moja zimekwisha kunywa unyevu, na unyevu huo ndio unaoingiza haidrojeni inayopasua chuma saa kadhaa baada ya wewe kuzima mashine. Ukimaliza, izike kwenye majivu makavu au chokaa mpaka kesho.

Dalili: inatikisika, mteja anataka "uikaze zaidi"

Hii haina dawa motoni. Wenye mashine za mbao kule Mafinga huniletea shafti ndefu ya msumeno inayoyumba, wakitaka niitie matiko isiyumbe. Kukaza hakuongezi ukaidi wa kutopinda: chuma laini na chuma kigumu hurudi nyuma sawasawa chini ya mzigo uleule, maana moduli yake, yaani kipimo cha ukakamavu, hubaki karibu gigapaskali 210 ufanye nini. Tofauti ni kwamba kigumu hubeba mzigo mkubwa zaidi kabla hakijapinda moja kwa moja. Anayetaka isiyumbe aongeze unene. Kutoka milimita 40 kwenda 45 ukakamavu unapanda kwa asilimia 60. Ama asogeze beringi: ukipunguza nusu ya urefu ulio wazi, kuyumba kunabaki sehemu moja ya nane.

Sasa mzee wa Ubaruku. Uso wa shafti yake, ya milimita 45, ulikuwa ule wa tatu: mistari ya upinde imeanzia pembeni ikala zaidi ya nusu, na kipande kilichobaki kimekwaruzika. Hakuna sukari. Chuma hakikuwa kibovu na moto haukuwa mbaya. Mistari yote ilianzia sehemu moja, kwenye bega linalokaa beringi, na bega hilo nililikata mimi, kona kali ya mraba, kwa sababu kisu changu cha kona ya mviringo kilikuwa kimevunjika na sikutaka kwenda Mwanjelwa kutafuta kingine.

Nilimwonyesha. Aliinama, akapitisha ukucha juu ya mistari.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Langu, mzee."

Nyingine nilikereza bega lenye mviringo wa milimita 2, kiasi ambacho beringi yake inakubali, nikaipasha hadi 850 na kuiacha ipoe hewani. Alipokuja kuichukua aliigonga kwa funguo, akaniuliza mbona hii sikuitia majini. Nikamweleza habari ya unene. Hakuonekana kuridhika, lakini aliiviringisha kwenye kiroba kilekile, akalipa nauli ya bajaji, na bei ya shafti hatukuizungumzia.